Pale Bikira Aliposimama

Alhamisi, 26 Julai 1962

Joto la kupasua vigae. Nimesuka viti viwili tu, majani yanakatika mkononi. Mke wangu Ninfa kalala mchana kutwa. Vizuri. Daktari kasema apumzike, kidonda cha upasuaji bado kibichi.

Padre Anselmo kaniita sakristia. Sikukuu ya Bikira wa Theluji imekaribia na kengele ni yangu tena mwaka huu. Nikamwuliza, njia ni ileile? Akasema, "Njia waulize wenye njia. Wewe ni kengele, Calcedonio. Mimi ni Kilatini tu." Akacheka mpaka akakohoa.

Njia ni ileile, nani hajui. Juu ya chemchemi ya Simba ni kwa Don Mommo Raccuglia. Chini yake ni kwa akina Spataro. Tangu zile vurugu za mabucha koo hizo mbili zilikaa mezani zikaugawana mtaa kama mkate: nyama, samaki, barafu, mchanga wa ujenzi, hata majeneza. Bikira yeye, sanamu mabegani mwa watu, anapita kote kote. Kule juu anasimama chini ya roshani ya Don Mommo, wanamwinamisha kidogo kama anayesalimu. Kule chini anasimama kwa Spataro mkubwa, vilevile. Pale chemchemi hasimami kamwe. Pale si pa mtu.

Na wa kumsimamisha ni mimi. Nikigonga mara moja, wabebaji wanatua. Nikigonga mara mbili, wanainua. Mimi, msuka viti! Wanaume wazima, wachukuzi na wauza samaki wenye shingo kama za mafahali, wote wananisikiliza mimi. Naona fahari. Humu daftarini sina haja ya kujificha.

Jumamosi, 28 Julai

Leo kaja Bastiano Ingrao, mpwa wa Don Mommo, yule mwenye bucha. Kabeba kiti. Nikakigeuzageuza — kizima kabisa. Nikamwambia hakina ugonjwa. Akakiweka katikati ya karakana, akakikalia mwenyewe.

"Mjomba Calcedonio, shangazi Ninfa yu hali gani?"

Nikasema anaendelea.

"Kile kitanda cha hospitali walimpa karibu na dirisha, eti?"

Karibu na dirisha, nikasema. Mungu amlipe Don Mommo. Maana bila neno lake Ninfa angekuwa bado anasubiri zamu kwenye benchi la korido, au asingekuwepo kabisa.

"Don Mommo hataki kulipwa," akasema Bastiano. "Anataka Bikira atembee kidogo tu. Mkishaipita chemchemi, pale kwenye duka la barafu la Liborio, mgongee. Atue, asalimu, aendelee zake. Liborio si kumpari wako wa ubatizo? Basi mpe furaha mwenzio."

Nikasema pale ni chini ya chemchemi.

"Wewe unaona ukuta pale? Mimi naona barabara."

Kaondoka. Kiti kakiacha.

Jumatano, 1 Agosti

Nimekuwa nikijifanya sijui kwa nini. Najua. Nyumba kuukuu za nyuma ya duka la Liborio zitabomolewa, yatajengwa maghorofa. Mwenye mahali pale ndiye atakayeleta saruji, mchanga na walinzi wa usiku. Bikira akisimama mlangoni pa Liborio, ni sawa na kusema mbele ya mtaa mzima: huyu sasa ni wa Raccuglia, na mahali hapa ni pa Raccuglia. Na Liborio miaka yote yuko chini ya akina Spataro.

Leo nilikwenda nimwambie. Kweli nilikwenda kwa nia hiyo. Liborio Scavuzzo ndiye aliyemshika binti yangu kwenye ubatizo. Tangu siku hiyo tunaitana kumpari, na kumpari ni zaidi ya ndugu, kwa sababu ndugu hukumchagua. Nikamkuta anakwangua barafu. Kanijazia glasi ya barafu ya ndimu kabla sijafungua mdomo.

"Kumpari," akasema, "hebu mwambie huyo Bikira wako wa Theluji aje aninunulie barafu! Yeye peke yake ndiye anayejua thamani yake!"

Venera, mkewe, akamtupia tambara la maji usoni. "Mkufuru we! Utaunguzwa na radi na mimi nikiwa karibu!" Wateja wakacheka. Liborio akacheka zaidi yao wote, tambara bado begani.

Nikacheka na mimi. Nikamaliza barafu. Nikaenda zangu.

Ninfa ana miadi hospitalini Septemba. Ndiyo hiyo. Kila nikitaka kusema, naiona ile korido.

Ijumaa, 3 Agosti

Nimeing'arisha kengele. Nikaing'arisha tena, na tena. Ninfa kaniuliza kwa nini, nikasema vumbi.

Nimepata njia ya kujituliza: ni heshima kwa Liborio. Mtu wa kawaida, hana roshani, hana cheo, na Mama wa Mungu anasimama mlangoni pake! Nani asingetaka? Nimejirudia hivyo mchana kutwa, kama rozari.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimelifanya.

Jana. Umati mkubwa kuliko mwaka jana. Kutoka roshani zote walikuwa wanamwaga maua ya asumini, meupe, yanamshukia Bikira kama theluji yenyewe. Bendi mbele, Padre Anselmo nyuma yake anapepewa na watoto wa kwaya. Juu tulisimama kwa Don Mommo, kama kawaida. Alikuwa roshanini, kavaa shati jeupe, kanitazama mimi, si Bikira.

Tukaipita chemchemi. Wabebaji walishazoea kukaza mwendo pale. Nikagonga. Mara moja.

Walisita! Turiddu Bonsangue, wa mbele kulia, akageuza shingo. "Hapa? Umechanganyikiwa?" Nikagonga tena, kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake. Wakatua. Wakamwinamisha.

 Bendi ikakata wimbo katikati. Watu wazima walielewa papo hapo, niliwaona wakirudi nyuma, akina mama wakivuta mikono ya watoto. Kule chini, mbele ya kilabu cha akina Spataro, vijana wao walikuwa wamevua kofia wanasubiri. Mmoja akaivaa tena.

Aliyekuwa haelewi ni mmoja tu. Liborio alitoka dukani na aproni yake, mikono inachuruzika maji. Akamtazama Bikira. Akapiga magoti barabarani, akaanza kulia kama mtoto. Akaja kwangu mbele ya wote, akaushika mkono wangu huuhuu wenye kengele, akaubusu.

"Kumpari, umenifanyia hili? Mimi? Mtu wa barafu?"

 Nikagonga mara mbili. Wakainua.

Kule kwa Spataro mkubwa nilisimamisha kama desturi. Roshani ilikuwa imefungwa.

Jioni Liborio kaleta tikiti limepoa barafuni, tukalila wanne, yeye, Venera, Ninfa na mimi. Hakuacha kuhadithia. Venera kasema mumewe hakulia hata siku ya harusi. "Siku ile nilikuwa na sababu nyingine ya kulia," kajibu Liborio, Venera kamchapa kwa ganda la tikiti. Walifurahi mno. Mimi nilihesabu mbegu sahanini.

Jumatano, 8 Agosti

Liborio hajarudi.

Jana asubuhi alikwenda kiwandani kuchukua barafu, kama kila siku. Pikipiki yake ya magurudumu matatu ilikutwa saa za mchana, imeegeshwa vizuri kabisa kando ya chemchemi. Ufunguo upo. Kofia yake ipo kwenye kiti. Mabonge ya barafu nyuma yamefunikwa magunia, yanayeyuka. Maji yaliteremka barabara nzima mpaka mlangoni pake. Ndivyo Venera alivyojua — aliona maji.

Watu wanaichepuka ile pikipiki kama ina tauni. Hakuna aliyeigusa. Mimi nilipita kando ya pili.

Alhamisi, 9 Agosti

Askari walikuja, wakauliza nyumba kwa nyumba. Mzee wa tumbaku, ambaye kibanda chake kinatazamana na chemchemi, kasema alikuwa anapiga chafya. Muuza samaki kasema jua lilimpiga machoni. Afisa kaniuliza mimi kama Liborio alikuwa na maadui. Nikasema hapana, hakuwa na hata mmoja.

Hilo ni kweli tupu. Nalo ndilo baya kuliko yote.

Venera yuko kwetu. Kakaa kitandani kwa Ninfa, wameshikana mikono. Hataki kuvaa nyeusi. Jirani mmoja alimletea shela nyeusi, kamrudishia usoni. "Mume wangu kachelewa. Mtu akichelewa hafanyiwi matanga!"

Ijumaa, 10 Agosti

Sikufungua karakana. Kiti cha Bastiano bado kipo mlemle, kila nikipita kinanigonga mguuni.

Jumamosi, 11 Agosti

Kaja kukichukua. Mchangamfu, kanyoa ndevu, ananukia kolonya.

"Mambo yametulia, mjomba. Wazee wamekaa, wameelewana. Hakuna vita." Akanieleza kama anayenipa habari za mpira: maghorofa ya nyuma ya duka la barafu yamekwenda kwa Don Mommo. Akina Spataro wamepewa soko la samaki la bandarini, lote, wamefurahi. Sasa mpaka umeteremka, uko kwenye kona ya kanisa dogo.

Nikamwuliza, na Liborio?

"Liborio gani?"

Nikasema Liborio Scavuzzo.

Akasugua mguu wa kiti kwa kidole. "Wale walifikiri kahama bila kuaga. Ilibidi waonyeshe kwamba wameudhika. Baadaye sisi tukaonyesha kwamba tumewaelewa. Mambo huenda hivyo, mjomba, usiyachimbe." Kisha kasema kesho, Bikira atakapotolewa tena kufunga wiki ya sikukuu, nimsimamishe palepale. Akina Spataro wenyewe watavua kofia. Ikishafanyika mbele ya watu, imekwisha, hakuna atakayehoji tena.

Kwa hiyo akina Spataro walimchukua kwa sababu ya mlio wa kengele yangu. Na Don Mommo akawaachia wamchukue, ili hesabu ziende sawa. Hakuna hata mmoja aliyemchukia!

Nimemwambia Ninfa. Yote. Nilidhani atanitemea mate. Kasema tu, "Kitanda kile nilikilalia mimi. Basi na mimi nimo." Kageukia ukutani.

Nimekata shauri. Kesho nitaipita chemchemi, nitalipita duka, sitagonga. Wanifanye watakavyo. Angalau mara moja mkono huu uwe wangu. Nilipomwambia Ninfa kasema, "Usigonge." Kaniandalia tambi na sadini, nikala sahani nzima. Mara ya kwanza wiki hii.

Jumapili, 12 Agosti

Nimevaa mshipi wa buluu wa maandamano. Nilikuwa mtulivu, nasema kweli. Nilimuaga Ninfa kama anayekwenda safari.

Kisha kaja Venera.

Kavaa ile nguo ya maua aliyoivaa kwenye harusi ya kijana wao, kasuka nywele. Nikadhani kapata habari. Kaniuliza kama ni kweli Bikira anatoka leo. Nikasema ni kweli. Akanishika mikono yote miwili.

"Kumpari Calcedonio, sikuombi kingine maishani. Msimamishe tena mlangoni petu. Nimeshaosha kizingiti, nimeweka taa, nimeweka picha ya Liborio. Alisimama pale siku ile, akamwona mume wangu analia. Anamjua sasa! Akisimama tena nitamwomba uso kwa uso, atanirudishia. Hata akiwa amevunjika miguu. Hata akirudi hana akili. Nitamchukua."

 Ninfa alikuwa mlangoni, kaufumba mdomo kwa aproni.

Nikigonga, ninamuuza Liborio kwa mara ya pili, mbele ya wote, na waliomchukua wamevua kofia. Nisipogonga, Bikira anampita Venera aliyepiga magoti kwenye kizingiti kilichooshwa, na mtaa mzima unamwona anavyopitwa.

Nikamwambia, "Keti kwanza, dada Venera. Nina neno."

Akanitazama. Kuna kitu kilipita machoni pake, upesi, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake na hataki kugeuka. Kisha akatabasamu.

"Utaniambia njiani," akasema. "Tutachelewa."

Kashuka. Mimi nimerudi humu chumbani, nimesema nimesahau kitambaa. Nina kitambaa mfukoni. Bendi imeshaanza, naisikia kule juu, na Turiddu Bonsangue anapiga kelele chini ya dirisha kwamba wabebaji wako tayari, aliyekosekana ni kengele. Venera anamjibu kwa niaba yangu: anakuja, anakuja, kumpari hajawahi kutuangusha. Ananiita. Sauti yake ina furaha.

Ina furaha!