Mama, Mimi Nilisema Si Kweli

Mama yangu,

Ejok, hujambo? Najua huko uliko barua hazifiki, lakini habari hii siwezi kukaa nayo peke yangu. Nimeshinda kesi! Mimi, binti yako niliyeachia shule darasa la nne, nimeshinda kesi korti ya Lodwar, na Ewoi, mjukuu wako ambaye hukumwona, alikuwa mgongoni akinivuta shanga za shingo.

Unakumbuka ile veranda ya duka la unga tuliyolala, tulipofika hapa Lodwar kutoka upande wa Lokori baada ya ukame kumaliza mbuzi wetu? Uliifagia kila asubuhi kama kwako. Ukikaa kusuka vikapu vyako vya mkoma, mwenye duka alikutania, "Mama, siku moja nitakuta umesuka na mlango wangu." Nawe, "Nitausuka, kwani huu wako unapiga kelele."

Halafu ile alfajiri ya 2012. Askari wa mji akagonga mabati kwa rungu, wenzetu wakatimua mbio, sisi tukabaki kwa sababu ya mguu wako mbovu. Akakuuliza, "Kwenu wapi?" Ukamjibu vile mfugaji yeyote wa kwetu angejibu: "Kwetu ni penye mbuzi."

"Na hao mbuzi wako wapi?"

"Walikufa."

Akacheka. "Basi kwenu hakuna!" Na ndivyo alivyoandika.

Kortini ulisema ndiyo kwa kila kitu. Kuzurura, ndiyo. Kukosa makao, ndiyo. Ulinifundisha kwamba mkubwa hapingwi mbele ya watu. Mwezi mzima nilikungoja nje ya lango la jela. Ulitoka ukikohoa, na kikohozi hicho ndicho kilichokuchukua.

Mwaka huu nikashikwa mimi, veranda ile ile. Mama mmoja tuliyekuwa naye seli akaniambia, "Dada, sema ndiyo tu, wakuonee huruma. Ukikataa utawekwa rumande na huyu mtoto. Akianza kuhara je?" Mama, niliwaza Ewoi akikohoa vile ulivyokohoa.

Ndipo akaja wakili, mwanamke, kutoka kwa watu wa haki za binadamu. Alichuchumaa hapo sakafuni na sketi yake safi.

"Umeiba?"

"Hapana."

"Umepiga mtu?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nimelala."

"Aa! Hata hakimu hulala!" Tulicheka mpaka askari akaja kuchungulia. Kisha wakili akaniambia kwamba katiba inampa kila mtu haki ya makao mazuri, kwa hiyo aliyekosa makao amekosewa, hajakosa. "Lakini ukiulizwa kama ni kweli au si kweli, jibu ni lako. Siwezi kukusemea."

Nilisimama mbele ya hakimu. Nikakufikiria wewe. Nikasema, "Si kweli."

"Sauti!" akasema hakimu.

"Si kweli, mheshimiwa! Nyumba ndiyo sina, lakini kosa pia sina."

Watu waliangua kicheko, hakimu mwenyewe akainamia karatasi zake. Wakili akaomba niachiliwe kwa sababu ya mtoto, nikaachiliwa mpaka siku ya kesi. Siku hiyo wakili akamuuliza askari aliyenishika alinikuta nikifanya nini. "Amelala." Na nini kingine? Askari akakuna kichwa. "Ananyonyesha." Hakimu akasema maskini kulala si kosa, nenda nyumbani. Kisha akakumbuka kwamba nyumba sina. Akasema, "Nenda salama."

Mama, nilipiga vigelegele pale pale kwenye ngazi za korti!

Ijumaa napelekwa Kakuma. Wakili anataka niongee na akina mama wanaolala mbele ya maduka kule, wa kwetu na wale waliotoka Sudan Kusini. Nitawaambia kwa Kiswahili changu hiki hiki kilichopinda. Moyo unaruka kama mwanambuzi. Na nitawaambia pia kuhusu wewe, kwamba ndiyo yako haikuwa ujinga. Ulikuwa na heshima, na hakuna aliyekuambia kuwa unaweza kukataa.

Nyumba bado sina, nisikudanganye. Jana asubuhi askari yule yule wa kesi yangu alikuja verandani na rungu lake, wenzangu wakaanza kukusanya matandiko. Mimi nikabaki nimekaa, Ewoi kifuani.

"Wewe, huamki?"

"Namalizia kunyonyesha, afande. Akishiba nitaamka."

Alinitazama. Akamtazama mtoto. Akaweka rungu kwapani, akaenda zake polepole, na Ewoi akaendelea kunyonya, wala hakugeuza kichwa.

Pumzika, mama. Sikimbii tena.

Ni mimi binti yako,
mama Ewoi