Kwa Dada Fundi, Aliyekaa Nje ya Baa Akishona Vifungo

Dada, mwaka umetimia tangu mguu wako uache kukanyaga cherehani, na bado sisi wadogo zako tuna maswali kwako. Tulipokuuliza jambo ulizoea kusema, "Subirini nimalize huu mkono." Tumesubiri vya kutosha.

Ulikuwa fundi wa sare za shule. Kila sketi uliiachia upindo mpana bila kuombwa, ili mtoto akirefuka mzazi ashushe tu. Chaki ilikaa nyuma ya sikio lako, nawe ukaitafuta nusu ya siku. Tuliiona tukanyamaza. Tusamehe.

Swali letu kubwa linamhusu mdogo wako, Profesa. Unajua pombe ilivyomfanya: kazi ikaenda, mke akarudi kwao. Maji yalipotufika shingoni tukamfungia ndani. Siku ya tatu ukatukuta mlangoni tunalinda, ukauliza, "Nyie hamna kazi?" Ukamfungulia. Akapita katikati yetu, moja kwa moja baa. Mama alikukasirikia kweli.

Wewe ukabeba kigoda na mashati yako, ukakaa nje ya ile baa ukishona vifungo mchana kutwa. Alipotoka mkarudi pamoja. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki ya tatu hakuingia. Alikaa chini pembeni yako, akakuomba umsindikize hospitali. Akawa mzima miaka miwili.

Ulimwambia nini pale? Tulipokuuliza ulicheka. Tulipomuuliza yeye akasema, "Hakuniambia kitu." Nani angeamini? Wewe, uliyeweza kumsema mteja saa nzima kwa kuchelewa kuchukua suruali yake?

Tulikuzika jicho moja likiwa kwake, tukijiuliza atashikwa na nani sasa. Mwezi wa nne baada ya maziko akateleza, akarudi baa. Tukakimbilia kufuli, maana mazoea yana taabu, lakini Mama akatuzuia. Akachukua kigoda, akaenda. Alikaa pale kimya kwa sababu hakujua aseme nini. Jioni mwanawe alitoka, akamshika mkono, wakarudi nyumbani. Hapo ndipo tulipowaamini, wewe na Profesa, kwamba hukumwambia kitu.

Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile, na hajagusa. Ya kesho hatuyajui. Ikibidi, tutakwenda kukaa kwa zamu.

Wanaokukumbuka ni mumeo, Mama, wanao wawili, sisi wadogo zako watatu, na Profesa. Tulikuwa tumeandika kwamba alikuwa mgonjwa, basi. Akaisoma karatasi, akaufuta mstari huo.

"Andikeni pombe," alisema. "Dada alikaa pale barabarani mtaa mzima ukimwona. Yeye hakunionea aibu, nyie mnaficha nini?"

Basi tumeandika, dada. Kukusahau hatuwezi.