Majina ya Nyumba ya Hawe Kadzo

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Huku Magarini tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeuliza basi la abiria lilianzaje kufika kijijini kwetu. Miaka ya themanini liliishia barabara kuu, nasi tukatembea asubuhi nzima kulifuata. Tulipoomba barabara, afisa mmoja wa serikali alisema sisi tu wachache mno kuchongewa. Nikachukua daftari, nikapita nyumba kwa nyumba kutuhesabu.

Jirani yetu mzee, Hawe Kadzo, yaani Bibi Kadzo, alinizuia mlangoni. “Wajukuu hawahesabiwi, mwanangu. Utawaletea mauti.”

“Basi sihesabu, Hawe. Nitajie majina tu.”

Akanikaribisha mkekani. Akamtaja kila mmoja, na nani mtundu, nani kafanana na marehemu babu yake. Tulicheka sana. Nilipofunga daftari akanishika mkono: “Na mimi je, mbona hujaniandika?”

Nikamwandika. Katika nyumba zilizobaki pia nikaomba majina tu, na milango ikafunguka.

Afisa aliuliza jumla yetu. Nikamsukumia daftari. “Mimi niliahidi kutohesabu. Hesabu wewe.”

Akahesabu hadi adhuhuri. Mvua zilipokwisha, barabara ikachongwa, na basi likaanza kufika.

Akupendaye,
Bibi yako