Farasi Alipoacha Njia

Baba Keji mpenzi wangu,

Moyo wangu umechoka. Daktari aliyasema hayo kwa upole, akimtazama mtoto wetu Keji badala ya kunitazama mimi, nami nikajifanya sijasikia ili asione haya. Basi nakuandikia sasa, mkono ukiwa bado unashika kalamu, na kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha uliyonitongozea kule chuo cha ualimu Uganda, wewe Mmadi usiyejua neno la Kibari na mimi Mbari nisiyejua neno la Kimadi.

Nina ungamo. Mengine padri amekwisha kuyasikia. Hili ni lako. Ule ubishi wetu wa gemu za televisheni, uliowafanya majirani wa mtaa wa Hai Cinema wadhani tumerukwa na akili, umekwisha. Umeshinda. Gemu yako ilikuwa bora kuliko yangu, na nilijua hivyo siku zote nilizokukatalia.

Unakumbuka ulivyoanza? Amani ilikuwa imetiwa saini, tumerudi kutoka uhamishoni, tumepanga vyumba viwili. Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Nalongo, mama wa mapacha kutoka Uganda, na jenereta lake, televisheni zake mbili na gemu alizowakodishia watoto. Asubuhi moja ulikwenda kumwambia apunguze kelele. Ulirudi chakula kimepoa.

"Mama Keji," ukaniambia, "kuna mtu ndani ya ile televisheni. Unamwelekeza unakotaka, naye anakwenda. Kokote! Hakuna anayemuuliza karatasi."

Mwalimu mstaafu wa jiografia! Nilikucheka. Siku iliyofuata nikakufuata.

Nalongo alituachia asubuhi, watoto wakiwa shuleni, nasi tukawafundisha mapacha wake kusoma. Mimi nikachagua gemu ya jiji. Nililipenda jiji lile: maduka, ufuo wa bahari, redio ndani ya kila gari, watu wanaotembea wakizungumza na simu. Wengine walicheza ili waibe magari na kupigana. Mimi nilitembea kwa miguu, na taa ikiwa nyekundu nilisimama.

"Mama Keji, wewe nangoja nini?" Nalongo alipiga kelele. "Hapa hakuna polisi ya kukamata wewe!"

"Hata kama hakuna."

"Mzee, bibi yako atamaliza petroli ya jenereta yangu kwa taa nyekundu!"

Wewe ulichagua ile ya farasi. Nchi kubwa, milima, mito, ngome zilizobomoka, mvua inayoonekana ikija kutoka mbali. Hakuna maduka wala redio, upepo tu. Nilikuambia ni gemu ya mtu mpweke. Ukaniambia yangu ni gemu ya mtu anayeogopa kuchafua viatu. Tulibishana mezani, tukabishana tukirudi kanisani, hata siku tuliyokwenda soko la Malakia kununua sukari muuza duka akatusihi tumwambie ni mashamba gani hayo tunayogombania.

Lakini kwa muda mrefu wewe na farasi wako hamkutoka barabarani. Siku ile ngome ilikuwa mbele yako, karibu kabisa, ng'ambo ya uwanda wa nyasi. Wewe ukafuata barabara, ukazunguka kilima kizima, ukazunguka na bwawa. Nalongo akashindwa kuvumilia.

"Lakini mzee, nyumba si iko pale? Kwa nini wewe nazunguka kama mtu iko natafuta mbuzi?"

Tukamjibu kwa pamoja, mimi na wewe, kama darasa: "Kuna nyasi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatutazama usoni, akauachia ukuta. Alikuwa amekwisha kuyaona yale mawe mekundu ya kuonya mabomu ya ardhini kando ya njia zetu. Alijua kwamba hapa mtu huweka mguu palipokwisha kupita mguu mwingine, na kwamba hata haja ndogo mwanamume huifanya kwenye ukingo wa lami. Ila hakuwahi kuona woga huo ukiingia ndani ya televisheni.

Ulishika vizuri padi ya kuchezea. Kisha ukasema, "Mama Keji, huku hakuna aliyefukia kitu." Ukamgeuza farasi.

Nilifumba macho. Mimi, mwalimu wa sayansi, nilifumba macho nikingoja mlipuko kutoka kwenye gemu ya watoto! Nilipoyafumbua farasi alikuwa katikati ya nyasi, anakimbia, na wewe umesimama wima unapiga ukelele wa harusi, mpaka wakaanga chapati wakaja mlangoni na unga mikononi. Tangu siku hiyo hukuona tena barabara. Nami nikazidi kulisifu jiji langu, kwa sababu ulikuwa umeanza kuniuliza kuhusu boma la baba yangu.

Liko nje ya mji, mbele ya Lemon Gaba, mbali kidogo na njia. Wategua mabomu walikuwa wamepita, wakapaka mawe rangi nyeupe, wakasema pako salama. Ndugu zangu hawakuwaamini. Mimi pia sikuwaamini. Kila ulipotaka twende nilisema, "Tungoje kiangazi." Kiangazi kikija nilisema jua kali. Mama yangu amezikwa pale, na nilikuwa nimekubali kufa bila kuliona kaburi lake. Hukunigombeza hata mara moja. Ulisema tu, "Yala, haya, siku utakayotaka, nitatangulia mimi."

Ukatangulia kweli, lakini kwenda kwingine. Baada ya matanga Nalongo aliniita. Hakuniambia pole, alikwisha kuisema. Aliwasha jenereta, akaweka padi mkononi mwangu.

"Mzee aliacha hapa," akasema. "Mimi nakatalia watoto kugusa."

Farasi wako alisimama ukingoni mwa barabara, chini ya ule mlima mkubwa kuliko yote, ameelekea kwenye nyasi. Baba Keji, sikujua hata kibonye cha kumwendesha. Nalongo alinionyesha kwa kidole. Nilipita nyasi, nikapita mawe, nikaanguka mtoni, nikapanda tena, mpaka hapakuwa na pa kupanda. Huko juu niliona nchi nzima, na ile barabara tuliyoing'ang'ania imekuwa uzi mwembamba. Jiji langu, pamoja na taa zake zote, halikuwahi kunionyesha kitu kama kile. Ila kwa redio bado linakushinda, hapo sikuachii.

Jumapili iliyofuata nilimwambia Keji anipeleke Lemon Gaba. Tulipofika kwenye yale mawe meupe alininyooshea mkono. "Mama, nishike."

"Niache. Wewe kaa nyuma yangu."

Nikavua viatu. Nilitaka ardhi ya baba inijue. Hatua ya kwanza niliihesabu moyoni. Ya pili nikaisema kwa sauti: khalas, imekwisha! Kisha sikuzitazama tena hatua, nilitazama mbele. Nyasi zilinifika kiunoni, zimelowa umande, na gauni langu la kanisani likalowa lote. Nililikuta jiwe la mama la kusagia, limezama nusu, na mita chache tu kutoka hapo kaburi lenyewe, kokoto zake bado zimepangwa. Nikapiga vigelegele mpaka kifua kikauma. Keji alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimeshinda.

Ndugu zangu waliosikia walikuja mmoja mmoja, kwanza wakikanyaga nyayo zangu, baadaye wakikanyaga kwingine. Sasa kuna tukul tatu hapa, nyumba za udongo na nyasi, na shamba la mtama, nami nimelala mlangoni mwa mojawapo ninapoandika haya. Mjini watu wanajiandikisha kwa ajili ya kura ya uhuru wa nchi. Mimi sidhani nitafika kuipiga, wala sihuzuniki. Kaburi langu limechaguliwa, kando ya mama, na nafasi imeachwa ya kuleta mifupa yako.

Nakuaga kwa muda mfupi tu, mpenzi wangu. Jioni inaingia na watoto wa Keji wanafukuzana huko nyuma ya shamba, mmoja kulia, mmoja kushoto, mmoja moja kwa moja ndani ya nyasi ndefu, na hakuna mtu mzima hata mmoja anayewaita warudi.

Mkeo,
Mama Keji