Baba Anasikia kwa Miguu

Nyumbani, meza ya jikoni
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Mama Mdogo hajambo? Na yule mtoto wenu mdogo ambaye kwenye picha hakuwa na meno ya mbele, yameshaota? Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima, bibi bado anagombana na redio yake. Baba naye ni mzima wa mwili, ila ndiye aliyenifanya nishike kalamu, na hajui kama nakuandikia.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Unanijua mimi na maneno ya mdomo. Ungesema "haya, niambie", nami ningejibu "hatujambo" mpaka simu ikatike.

Shule nimemaliza, matokeo bado. Kwa sasa nakaa pale gereji, kwenye kile chumba kidogo chenye dirisha la wavu, napokea simu na kuandika magari yanayoingia. Watu wanadhani baba amenipa kazi ili nisikae bure. Kumbe simu ilikuwa inalia pembeni yake, naye anaendelea kunyoosha mlango wa gari kana kwamba hakuna kitu. Wateja wakaanza kusema fundi ameota mapembe.

Baba Mdogo, baba hasikii. Daktari wa masikio alisema ni nyundo na mabati ya miaka yote hiyo, na spika za kila Jumamosi juu yake. Alisema kilichobaki kinaweza kutunzwa akikaa mbali na makelele. Asipokaa mbali, hata hicho kitakwisha. Walipotoka pale baba akamwambia mama, "Daktari gani yule, anaongea kama yuko msibani?" Mama alicheka. Walipofika nyumbani akajifungia bafuni akafungulia bomba, na hakuwa anaoga.

Nyundo ameipunguza, kazi za kugonga anawaachia vijana. Lakini Jumamosi yake haigusiki. Wakishafunga gereji, magari yanasogezwa ukutani, wanatoa vyombo vile vile mlivyoanza navyo wewe na yeye. Bonge, fundi rangi, anapiga gitaa la besi na kuimba. Kwenye ngoma zako amekaa dereva mmoja wa lori. Anapiga kama anabadilisha gia mlimani, lakini ana moyo. Na baba anavua viatu, anasimama na gitaa lake juu ya ule ubao mpana unaobeba ngoma zako, nyayo tupu, uso ukutani. Mwanzoni nilidhani ni madaha. Sasa najua anasikiliza kwa miguu, ngoma zikitetemesha ubao.

Wenzangu wa shule walikuwa wakinitania kwamba nyumbani kwetu kuna muziki wa wazee. Hata mimi nilijiuliza muziki huu wa roki unaishi vipi, maana haukufichi kitu. Ni bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, iliyoongezwa sauti na mwendo. Mishiko mitatu ya vidole kwenye nyuzi: unaanza nyumbani, unatoka kidogo, unarudi, unaenda mbali zaidi, halafu unarudi nyumbani tena. Kila mtu anajua inakoelekea. Lakini ikikaribia pale pa kurudi, hata wale vijana wa duka la vipuri wanaosimama getini na simu zao mkononi wanaacha kuzitazama. Vichwa vinaitikia. Wanajua kitakachokuja na bado wanakisubiri, kama mtu anayesubiri mzazi wake atokee kona ya njia.

Na hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kama ungekuwa muziki wa hesabu nyingi, baba angeshakwama, angeacha mwenyewe. Huu haumwachi. Ni mwepesi kiasi kwamba mtu asiyesikia anaweza kuupiga kwa miguu na vidole. Unamshika mkono kama rafiki mzuri, na huku unamaliza masikio yake.

Tena sisi wenyewe tumemsaidia asijue. Unakumbuka ulivyonifundisha kutyuni gitaa nikiwa mdogo, ukiniambia nikaze uzi mpaka sauti mbili ziache kubishana? Tangu mwaka jana nalityuni la baba kila Ijumaa akiwa anaoga, kwa sababu nilimsikia akilipiga limepoteza sauti na yeye hana habari. Mama ananiona, anafunga mlango taratibu. Kumbe baba akawa analisifu mbele ya watu: "Gitaa langu halipotezi sauti hata siku moja. Na masikio yangu ndiyo hayo mnayosema yamekufa?" Bonge akawa anatazama viatu vyake.

Basi mwezi uliopita nikaacha. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwa mdomo, nikasema acha gitaa limwambie. Wiki moja, mbili, tatu, sikuligusa. Nyuzi zikalegea, kila moja kwa namna yake. Jumamosi za mwanzo ilikuwa kidogo tu, hakuna aliyeshtuka.

Jana nilikaa dirishani kwangu nikisubiri. Baba alipiga mshiko wa kwanza, na nilihisi meno yanauma. Dereva alikosa pigo. Vijana wa getini wakaangaliana, mmoja akaanza kucheka. Nikajua sasa Bonge atanyoosha mkono, atasema simama mzee, hii haiendi.

Bonge hakunyoosha mkono. Alimpa baba mgongo akaanza kulegeza nyuzi za besi, polepole, huku anapiga, anaitafuta sauti ya baba huko chini ilikokuwa. Alipoikaribia, akaishusha na sauti yake ya kuimba. Dereva akapunguza mwendo. Haikukaa sawa kabisa, lakini wote walimfuata. Na wimbo ulipofika pale pa kurudi nyumbani, ulirudi, mzito na umepinda, na yule kijana aliyekuwa anacheka akaacha. Nilishangaa kukuta mguu wangu unagonga sakafu. Nilikuwa nalia na mguu unagonga.

Baadaye baba alikuja dirishani, jasho linamtoka, anacheka kama mtoto.

"Mwanangu, umesikia leo? Leo tumewasha moto!"

Hakuwa ananitazama machoni. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Ningeweza kusema lolote pale, Baba Mdogo, na angelisoma.

Nikasema, "Nimesikia, baba."

Leo asubuhi nimelityuni tena. Sijui nifanye nini kingine. Mama hawezi, Bonge hawezi, na mimi umeshaona.

Naomba uje. Wewe ni mdogo wake, lakini mama anasema ni wewe tu uliyewahi kumsimamisha katikati ya wimbo akasimama. Ukija, njoo Jumamosi. Usipige hodi, hatakusikia. Mwambie dereva akupishe, ukae kwenye ngoma zako, upige kama zamani. Baba atakuwa ametazama ukutani, nyayo zake juu ya ubao. Atajua ni wewe kabla hajageuka. Mwache amalize mzunguko, afike nyumbani. Halafu acha kupiga wewe kwanza, ubao utulie chini ya nyayo zake, ndipo umwambie.

Bibi anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Mama anakusalimu sana. Bonge anauliza kama bado una vile vijiti vyako vyenye alama ya meno. Nisalimie Mama Mdogo, na umbusu huyo asiye na meno. Mungu awalinde huko mliko na akufungulie njia ya kuja.

Mwanao anayekupenda na kukusubiri,

Kimya