Marufuku Hata kwa Utani

Jumanne, 1 Julai

Baridi, na vumbi lake. Mnada wa jana ulijaa, kwa hiyo na sisi tumejaa. Nimekusanya visu jioni, nimevihesabu, nimevitundika ubaoni, nimefunga kabati. Ndiyo kazi yangu hapa machinjioni, usafi na usalama. Wanaume wa humu wanaiita kazi ya umama. Waiite wanavyotaka, vidole vyao vyote bado wanavyo.

Asubuhi Ndahani aliingia akiniita mtumwa wake. Nikamjibu kuwa Mgogo hana mtumwa, ana bakuli la kuombea. Kicheko. Akamgeukia Kulwa, Mnyamwezi mwenzangu, akamwambia leo atamchuna ngozi yeye kwanza, ng'ombe baadaye. Kulwa akamwomba angoje amalize chai, ngozi ilainike. Miaka yote wanaishi hivyo. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu, na mtani hakasirikiwi. Mgeni akisikia maneno ya humu ndani anaweza kukimbilia polisi.

Jumatatu, 7 Julai

Kulwa amefanywa kiongozi wa zamu. Nafasi hiyo Ndahani ameingoja miaka. Ndiye mchunaji wa zamani kuliko wote, na ndiye aliyemfundisha Kulwa kushika kisu. Lakini meneja alitaka mtu wa kidato cha nne.

Ndahani alimpa mkono mbele yetu sote. Akasema afadhali, sasa atachuna bosi, maana ngozi ya bosi ina bei. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Alhamisi, 10 Julai

Ngozi zimetoboka mezani kwa Ndahani. Zaidi ya moja. Mkono ule si wa kutoboa ngozi, ni mawazo. Meneja akaagiza ahamishiwe kwenye kuosha matumbo mpaka atulie. Agizo la meneja, kinywa cha Kulwa. Mchunaji kupelekwa kwenye matumbo ni kuvuliwa nguo mbele za watu.

Wakati wa chai akasema tena atamchuna Kulwa. Maneno yale yale. Ila aliyasema akitazama ndoo, na Kulwa alipoanza kumjibu yeye alishaondoka. Utani usiongoja jibu ni utani gani huo? Sikuupenda. Nimekuja nao mpaka nyumbani.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda kwa meneja. Nimemwomba moja kati ya mawili: awatenganishe zamu, au amrudishe Ndahani kwenye uchunaji. Akauliza amefanya nini. Hajafanya. Amesema nini? Nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani. Akanikumbusha kuwa mimi mwenyewe humwambia Ndahani kila wiki kwamba nitamzika na sufuria lake.

Kweli, humwambia. Nimetoka na hasira.

Nikamngoja Kulwa getini, nikamwonya. Alinisikiliza kwa heshima, kama kawaida yake.

"Mama Shija, mtani hadhuru," akaniambia. "Mtani naye akinidhuru, nitabaki na nani?"

Jumamosi, 19 Julai

Mafunzo. Meneja kaona aniridhishe, kamleta dada mmoja wa mjini na kompyuta yake, afundishe namna ya kuzuia vurugu kazini. Alifundisha vizuri, sisemi uongo. Filimbi. Nani wa kumpigia simu. Usimzingire mwenye hasira, mwachie njia ya kupita. Visu vikusanywe hata wakati wa chai. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na magunia ya chumvi ya ngozi, tumeyaondoa leo leo. Filimbi nimepewa mimi, ninayo shingoni.

Kisha akauliza nani amewahi kutishiwa kuuawa hapa kazini. Mikono karibu yote ikapanda, na wenye mikono wanacheka. Dada wa watu akatuangalia mmoja mmoja. Akasema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Ndahani hakuinua mkono, wala hakucheka.

Nilimfuata yule dada nje nikamweleza habari ya Ndahani. Hakunicheka. Akasema ataiweka kwenye ripoti. Nimerudi nyumbani mwepesi, leo nitalala usingizi wa mtoto.

Jumatatu, 21 Julai

Ripoti imezaa bango. MARUFUKU KUTISHIANA, HATA KWA UTANI. ATAKAYEKIUKA ATAFUKUZWA KAZI. Niliomba zamu, nimepewa bango. Ndahani bado yuko kwenye matumbo, na Kulwa bado ni mkubwa wake.

Kimya humo ndani. Leo nimesikia bomba likidondosha maji, sijawahi kulisikia. Hakuna aliyeniita mtumwa. Ndahani kafika, kaosha, kaondoka. Nilikuwa nampima kwa maneno yake, kama mtu anavyopima uji kwa kuuonja. Sasa nitampimaje?

Yohana, mchunaji aliyeshika meza ya Ndahani, Mgogo mwenzake, aliniuliza kwa sauti ya chini kama kusalimiana bado kunaruhusiwa. Nikamwambia aulize bango.

Jumanne, 22 Julai

Kimya. Naogopa. Nimemrudia meneja, kaniambia nione jinsi kulivyotulia.

Alhamisi, 24 Julai

Kulwa amekufa.

Sijui kama naweza kuandika. Naandika.

Hakuuweza ule ukimya. Wakati wa chai Ndahani alipita na ndoo ya matumbo kichwani. Kulwa akasimama, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Jamani, leo Mgogo ndiye mpagazi!"

Wapagazi ni sisi Wanyamwezi. Ndivyo watani wanavyotucheka, kwa sababu ya mababu zetu waliobeba mizigo mpaka pwani. Kwa hiyo alikuwa anajicheka mwenyewe. Alimwekea Ndahani jibu mdomoni, alichotakiwa ni kulitoa tu. Nilimwona usoni. Mtu yule alikuwa anaomba radhi kwa namna pekee aliyoijua, na bango lile limfukuze kazi likitaka.

Watu wakacheka. Walikuwa na kiu ya kucheka. Ndahani akaitua ndoo polepole, bila kumwaga. Nikaona mabega yake yamepanda, nikapuliza filimbi. Wakatoka wote kwa mlango wa nyuma kama tulivyofundishwa. Kulwa hakutoka. Alibaki amesimama anatabasamu, anangoja jibu.

Visu vilikuwa ubaoni, vyote. Ndahani alichukua kulabu ya kutundikia nyama. Ziko kila mahali humo ndani, na sijawahi kuzihesabu.

Kulwa alikata roho kwenye gari, kabla ya hospitali. Ndahani hakukimbia. Alikaa sakafuni mpaka polisi wakaja, na Kulwa alishaondolewa, lakini Ndahani alikuwa bado anazungumza naye. "Mtani, nijibu," alikuwa anasema. "Mtani, nijibu."

Jumamosi, 26 Julai

Tumemzika. Msiba ulikuwa kwake, Chang'ombe. Mama yake na Doto, pacha wake, wamefika jana kwa basi kutoka Tabora. Doto alipoteremka na sura ile ile wanawake walipiga yowe, na mjane akaanguka.

Kwetu mtu hazikwi kimya. Watani huja, huvaa koti la marehemu, humwiga anavyotembea, huzuia jeneza mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Leo Wagogo wa kazini walikuja wote, wakakaa ukutani, macho chini. Yohana alishika kofia yake muda wote. Nani angemlaumu? Lakini nilimwonea Kulwa uchungu, anaondoka kama mtu asiye na watani.

Jeneza lilipotolewa, bibi mmoja akaingia uani, mzigo kichwani, miguu imejaa vumbi. Akasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Hakuitikiwa. Kuna aliyemtambua, na jina likapita kwa minong'ono. Mama yake Ndahani, katoka kijijini, upande wa Hombolo.

Akaenda akasimama mbele ya jeneza, akaziba njia.

"Huyu mtumwa wangu anakwenda wapi bila ruhusa?" Akaushika mzigo kichwani. "Na mzigo wangu nani atabeba?"

Mama yake Kulwa aligeuza uso, na simlaumu hata kidogo. Bibi akarudia swali lake. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado alijaribu kucheka, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Doto akainuka. Mkono wangu ukaenda kifuani kutafuta filimbi. Akamfikia yule bibi, wakatazamana. Kisha akaushika ule mzigo, akauteremsha kutoka kichwani kwa bibi, akaupandisha kichwani kwake. Ulikuwa unga wa uwele, wa msiba. Akasimama nao pale, analia kwa sauti kama mtoto.

Bibi akapisha njia.

Jumatatu, 4 Agosti

Kazini. Upepo umepungua. Kulabu nazo nazikusanya sasa, wakati wa chai na jioni. Meneja anasema dada wa mafunzo atarudi. Ndahani yuko mahabusu. Hanywi chai, askari wanasema haimpiti. Nimempelekea chakula mara moja, sikumwomba mtu ruhusa. Hatukuzungumza.

Bango bado lipo, ingawa siku hizi hakuna wa kulihitaji. Wagogo wanakunywa chai upande wa bomba, sisi upande wa mizani. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Asubuhi Yohana alinikuta mlangoni nafungua kabati. Akasimama wima, akasema, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba. Nikangoja aongeze neno. Akachukua kisu chake, akashukuru, akaenda mezani.