Tumbo la Salha, mara ya pili

Jumamosi, alasiri. Mawingu yametanda juu ya mtaa wetu wa Kikwajuni tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha. Nimefua mapazia yote ya nyumba. Yalikuwa safi. Mimi nikiwa na jambo moyoni hufua, na mume wangu, ambaye ananijua, amechukua kofia yake akaondoka kimyakimya.

Nina jambo moyoni.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kupiga picha za utrasaundi hospitalini. Mimi si daktari, ingawa watu huniita hivyo nami huwa sikatai. Miaka kumi na moja nimepaka jeli matumbo ya watu wa mji huu, na karibu yote yalikuwa ya wajawazito. Ndiyo maana hapa kwetu ukitaja utrasaundi umeshataja mimba. Msichana akionekana amekaa kwenye benchi letu, kabla ya adhuhuri habari zimeshafika madukani Mlandege, na pengine mtoto ameshatafutiwa na jina la baba. Kina mama wenye mabinti wanalijua hilo. Huenda kukaa benchi la meno, mlango wa pili, binti ameshika shavu, mpaka nitoke mwenyewe niwaite kwa jicho.

Salha naye alikaa benchi la meno. (Jina hilo nimempa mimi, lake la kweli nalihifadhi.) Ilikuwa kabla ya Ramadhani iliyopita. Alikuwa na miaka kumi na minne na umbo la mtoto wa miaka kumi. Tumbo lilikuwa likimuuma kwa miezi, likimjaa kila akila, anakonda, skuli haendi vizuri, na alikuwa bado hajavunja ungo. Karatasi aliyokuja nayo iliandikwa maumivu ya tumbo. Lakini mama yake, ambaye anauza vitambaa Mlandege, aliniinamia sikioni akaniuliza swali jingine. Nyumbani kulikuwa na shangazi aliyekuwa ameshatia maneno.

Nikatazama kizazi. Hakuna kitu. Nikamwambia mama mtu, naye akalia, akamshukuru Mungu, akanibusu mkono. Nilijisikia vizuri, sitaficha. Nilijiona nimeiokoa nyumba ya watu.

Baada ya hapo nikapitisha probu, kile kichwa cha mashine kinachoteleza juu ya ngozi, kwenye ini, figo na bandama, haraka haraka, vyote vizima. Utumbo sikuutazama. Tulizoea hivyo: utumbo una hewa, hewa inaziba picha, usipoteze muda. Nikaandika kwamba hakuna tatizo.

Mstari mmoja tu.

Nimekuja kujua kwamba karatasi ile ilitembea sana. Walimpa Salha dawa za minyoo, kisha za homa ya matumbo, kisha za vidonda vya tumbo. Bi kizee mmoja wa Mwanakwerekwe akamnywesha mizizi ya chango. Hakuna kilichomsaidia, na kila asipopata nafuu watu waliirudia karatasi yangu: kipimo kimesema mzima. Mwisho nyumbani wakaamua kwamba Salha anakimbia mitihani.

Mwaka huu amekuja daktari mpya wa watoto hospitalini kwetu, kijana mpole mwenye ubishi. Yeye anasema mtoto akiumwa tumbo miezi na miezi, akakonda na kuacha kurefuka, basi utumbo ndio wa kutazamwa, na utrasaundi inaweza. Haimuumizi mtoto, haina miale kama ya eksirei, haitaki dawa ya usingizi. Unachukua probu ndogo, ile tunayoitumia shingoni, unabonyeza taratibu mpaka hewa isogee, halafu unaufuata utumbo kidogo kidogo, kama mtu anayechagua mchele kwenye sinia. Nilinuna. Nilimwambia nina foleni. Kisha nikajifunza, mwanzo kwa kumkomesha, baadaye kwa kupenda. Utumbo wenye afya ni mwembamba na hautulii, unajikunja na kujikunjua wakati unautazama. Miaka yote hiyo nilikuwa naupita bila kujua kuwa unapendeza hivyo.

Alhamisi akaniletea mgonjwa. Sikumtambua. Mama yake ndiye aliyenitambua, akafurahi kweli.

"Salha, mwamkie daktari. Ndiye aliyetusitiri huyu."

Salha akasema shikamoo huku ameelekea ukutani.

Nilianza upande wa kushoto, nikazunguka, nikaja kulia chini. Nikakwama hapo. Kipande cha utumbo kilikuwa kinene, mara mbili ya kinavyotakiwa, kimekakamaa, hakichezi wakati vyenzake vyote vinacheza. Nikabonyeza kitufe cha rangi, ukuta wake ukajaa nyekundu na buluu, damu inapita pale kwa wingi usio wa kawaida. Nilipima mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa napima ili nisiseme kitu.

"Umepaona?" Salha aliniuliza.

Nikamwambia nimepaona.

"Basi mwambie mama. Mwambie mie si muongo."

Hakuniuliza ana maradhi gani. Hakuniuliza kama atapona. Alijifuta jeli mwenyewe kwa karatasi, akashusha gauni lake, akakaa kungoja nikaseme.

Nilimwita mama yake aliyekuwa akingoja nje, na daktari akaja. Tulimweleza kwamba picha peke yake haihukumu, inaonyesha pa kutafuta. Inaweza kuwa kifua kikuu cha utumbo. Inaweza kuwa yale maradhi ambayo mwili wenyewe unaushambulia utumbo, uvimbe unaopungua na kurudi kwa miaka. Yote mawili yana dawa, na yote mawili hayataki kucheleweshwa, maana mtoto anayecheleweshwa hukosa hata kimo chake. Kuna vipimo vya damu na vya choo, kisha Dar es Salaam akatazamwe ndani kwa kamera na kukatwa kinyama cha kupima. Mama alisikiliza kwa utulivu. Mwisho akaniuliza mimi, hakumuuliza daktari:

"Na siku ile ilikuwa bado haijaanza, au vipi?"

Aliuliza kwa wema. Alikuwa ananipa pa kutokea.

Nikamjibu, "Pengine."

Huenda ni kweli. Sijui na sitajua. Ninalolijua ni kwamba siku ile sikutazama. Sote tulikuwa na swali moja, mama, shangazi na mimi, na jibu lilipokuja zuri tulifurahi tukamsahau mtoto pale kitandani anaumwa.

Siku mbili nimekaa na ile "pengine" yangu.  Leo asubuhi nikavaa buibui nikaenda Mlandege.

Nilimkuta dukani anampimia mteja kitambaa. Nikangoja mpaka mteja akaondoka. Nikamwambia bila kuzunguka: siku ile utumbo wa mwanao sikuutazama hata kidogo, na karatasi yangu haikuwa na haki ya kusema ni mzima. Nilikuwa tayari kutukanwa. Nilikuwa tayari hata anishitaki kwa wakubwa wangu, na ningelistahili.

Aliendelea kukunja jora la kitambaa. Akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kwa karatasi yako ile nlimpiga mwanangu," alisema. "Kakataa kwenda skuli, nkamwambia kipimo kimesema mzima, nkampiga. Mbele ya shangazi yake."

 Duka la pili mtu alikuwa akibishana kwa simu juu ya mzigo wake bandarini, tukamsikiliza yeye.

Halafu nikasema jambo la kipuuzi. Nilimwambia nafikiria kumnunulia Salha kitu, mkoba mzuri wa skuli labda. Kwetu mtu mzima hamwombi radhi mtoto. Mimi nilikulia hivyo na wewe unayesoma naamini umekulia hivyo. Mkubwa akikosa, mtoto huletewa gauni, au viatu, au sahani yake hutiwa minofu zaidi, na hapo imekwisha. Mtoto anatakiwa aelewe. Akijifanya haelewi, ataambiwa hana adabu.

Mama Salha akatikisa kichwa. Akavuta mtoto wa meza akatoa kiboksi kidogo, ndani yake saa ya mkononi ya kike, bado ina plastiki yake.

"Nlimpa jana," alisema. "Kanirejeshea. Kaniuliza, ya nini?"

Tukaitazama saa. Kisha wote wawili tukalia pale dukani, watu wazima na mabuibui yetu, mpaka akaja mteja kuulizia hariri.

Jumatatu wanakuja kuchukua barua ya Dar es Salaam. Tumekubaliana: Salha nitamkalisha chumbani kwangu, mlango umefungwa, mama yake awepo, na kila mmoja wetu aseme lake. Hakuna mkoba wala saa. Langu ni fupi. Sikukutazama, ukaitwa muongo kwa sababu yangu, nisamehe. Nimelisema leo huku nakamua mapazia, mara nyingi, mpaka mapazia yakaisha maji.

Ila kuna jambo nimelifikiria sasa hivi, ninapoandika, na sijawahi kulifikiria juu ya mtoto yeyote, hata wangu wa kuwazaa. Ukimwomba mtu radhi, umempa na haki ya kukataa. Salha anaweza kunitazama usoni akasema hapana.

Akisema hapana, nitaweza kumwambia una haki, mwanangu, kisha nikanyamaza?